Bakuli Lililotazama Juu

Haya alinisimulia mjukuu wangu mwenyewe, jana asubuhi, tukikunja mashuka. Alifika hata mswaki sijapiga, viatu mkononi, macho yanameta kama ya mtu aliyeokota kitu njiani na anaogopa mwenyewe atatokea. Sikumuuliza. Nilimpa ncha ya shuka nikamwambia kunja. Mtu mwenye jambo kubwa mpe kazi ya mikono, maneno yatajileta.

"Bibi," akasema, "mwenzako nimeigusa mashine."

"Si unaigusa kila siku?" Maana yeye ni mshona mapazia, na watu wote wanamwita Fundi.

"Siyo ya kushonea. Ya kuoshea vyombo. Ya mama yake Kitinda."

Shuka likanitoka mkononi.

Wasomaji wangu, ili twende pamoja: Kitinda ni kijana nesi wa wodi ya watoto. Ni kitinda mimba wa nyumba yao, na jina hilo limemganda hivyo hivyo na ndevu zake. Mjukuu wangu alikwenda wodini kupima madirisha, kijana akamshikia ncha ya futi. Dirisha likapimwa, likarudiwa, likarudiwa tena, na hakuna aliyetaka kuachia ncha yake. Mapazia ya wodi ile yalitoka mafupi. Mapenzi ndiyo yaliyotoka sawa na kipimo.

Taabu ilikuwa nyumbani kwa kijana. Fundi aliwahi kuvishwa pete na mtu mwingine, na akairudisha mwenyewe. Jambo hilo shangazi yake Kitinda aliling'ang'ania kama kupe. "Wa kwanza amemrudishia pete," alikuwa akisema, "wa pili atamrudishia na watoto." Mama mtu hakusema hili wala lile. Alisema tu, "Mleteni Jumapili ale chakula cha mchana. Nikishamwona nitasema." Na katika nyumba ile, neno la Mama likishatoka limetoka.

Kitinda alikwishamwambia Fundi, machozi yakimlenga: "Nakupenda mpaka naogopa. Lakini mama yangu siwezi kumvuka."

Kwa hiyo Jumapili ile ndiyo ilikuwa yote.

Walipofika mlangoni, kijana akamshika mkono.

"Fundi, nisikilize. Ukiulizwa ile pete, jibu kwa kifupi. Shangazi akikuchokoza, cheka. Na jikoni kuna mashine ya kuoshea vyombo."

"Ehe?"

"Usiiguse."

"Inauma?"

"Sitanii, mpenzi. Ile ni ya Mama. Anaipakia mwenyewe, sisi hata kijiko hatutii. Ukiona kitu humo, usikione."

"Nikione nisikione? Kitinda, mimi Mungu kanipa macho mawili. Wewe unanitaka na mangapi?"

"Nakutaka na yote. Ila leo ukifika jikoni, yafumbe."

Akamcheka, akamnyooshea kola ya shati. Vidole vikasahau kuondoka shingoni. Mlango ukafunguliwa.

"Shikamoo mama. Shikamoo shangazi."

"Marahaba, binti. Karibu," akasema Mama. Shangazi aliitikia kwa pua.

Mama alikuwa mrefu, amenyooka kama fito. Alikuwa na desturi ya kukigusa kitu kwa ncha za vidole kabla hajakiinua, kama anakisalimia kwanza. Aligusa kiti, akaketi. Aligusa glasi, akanywa. Mezani walikuwa yeye, Shangazi, Kaka Mkubwa ambaye ni mkimya kwa asili, na hawa wapenzi wawili wanaotazamana kupitia jagi la maji.

Chakula hakijafika nusu, Shangazi akafungua kesi.

"Tumesikia una mkono mwepesi wa kurudisha vitu, binti."

Kaka Mkubwa akapaliwa. Fundi akaweka uma chini.

"Nilirudisha kimoja tu, shangazi."

"Ulikirudisha kwa nini?" Huyo sasa alikuwa Mama, na sauti yake haikuwa na ubaya wala uzuri.

"Alikuwa ananidanganya, mama."

"Alikuwa na mwingine?"

"Hapana. Vitu vidogo vidogo. Yuko kwa rafiki yake, ananiambia yuko kazini. Hajala, ananiambia kashiba. Nilipomuuliza kwa nini, akasema ni kwa sababu ananipenda, hataki kunisumbua."

Kitinda akaomba chumvi, na chumvi iko mbele yake.

"Hilo tu?" Shangazi akapiga kofi hewani. "Kwa hilo tu ukavunja uchumba wa watu?"

"Hilo tu, shangazi. Lakini lilikuwa kila siku."

Mama akaigusa glasi yake, akanywa maji taratibu.

Walipomaliza kula, Mama akainuka kwenda jikoni. Fundi naye akakusanya sahani akamfuata, maana mgeni mwenye adabu haachi sahani mezani. Kitinda nyuma, macho yanaomba. Kaka Mkubwa nyuma na glasi. Shangazi nyuma na mikono mitupu, amekuja kutazama.

Mama akaifungua ile mashine, akavuta trei ya chini, akaanza kupakia. Jamani! Mjukuu wangu anasema alijiuma ulimi mpaka ukafa ganzi. Sahani zililazwa zimeegemeana kama watu wanaosikiliza umbea. Vijiko vimelaliana chali. Na katikati, sufuria kubwa ikatiwa kwa nguvu, mpini wake ukapenya chini kwenye waya, pale pale unapopita ule mkono unaozunguka kurusha maji. Fundi akatazama dari. Akatazama dirisha, akalipima pazia kwa macho. Pazia likaisha, na sufuria bado iko pale.

Mkono ukaenda wenyewe.

"Samahani, mama. Hii ikikaa hapa, ule mkono wa maji hautazunguka." Na akaisogeza.

"Mungu wangu!" Shangazi akashika kifua. "Kaipangua!"

Mama akageuka polepole.

"Umefanya nini?"

"Nimeisogeza, mama."

"Nani kakuambia imekaa vibaya?"

"Nimeiona mwenyewe."

"Tangu mzee wangu aondoke, mashine hii naipakia mimi."

"Ndiyo, mama."

"Irudishe."

"Irudishe, mpenzi," Kitinda akasema, na lile neno mpenzi likaanguka katikati ya jiko, mbele ya mama yake, halina pa kujificha.

Fundi akairudisha sufuria kama ilivyokuwa. Kisha akainama, akausukuma ule mkono wa maji kwa kidole. Ukaenda, tok! ukagonga mpini. Akausukuma upande wa pili. Tok!

"Sikia, mama."

Mama akasogea. Akapeleka kidole chake, akausukuma mwenyewe. Tok. Akasimama kidogo. Halafu damu ikampanda usoni.

"Haya, na sahani zangu? Nazo zina kosa gani?"

"Zimebebana, mama. Maji hayapiti katikati."

"Zimebebana kwa sababu ni nyingi!"

"Siyo nyingi, zimelala. Zikisimama zinaenea."

"Zisimamishe tuone! Na hii inatazama wapi?"

"Inatazama katikati, maji yanatokea huko."

"Mbishi wewe! Mzee wangu alikuwa anasema hivyo hivyo, mbishi kama wewe!"

"Alikuwa na haki, mama!"

Weee! Jiko zima likabana pumzi. Na wale wawili wala hawakuona. Wameinama vichwa vinagongana, huyu anatia, huyu anatoa, sauti zimepanda mpaka kwa jirani.

"Anamfukuza," Kitinda akamnong'oneza kaka yake.

"Sijui," akajibu Kaka Mkubwa. "Mimi sijamwona Mama hivi tangu Baba yupo."

"Trei ya juu usiiguse!" Mama anasema. "Ya juu ni yangu!"

"Siigusi, mama. Ila hivyo vikombe..."

"Usiiguse nimesema!"

Mwisho yakabaki mabakuli madogo, na Mama akamwachia Fundi ayamalize. Mjukuu wangu akayapenyeza chini haraka haraka, moja hapa, moja kule pembeni. Mama akatia sabuni, akaufunga mlango kwa nyonga, bap!

"Haya. Ikimaliza tutafungua wote. Vyombo vikitoka safi, nina la kusema. Vikitoka vichafu pia nina la kusema, na hilo hutalipenda."

Akabonyeza. Mashine ikaguna, ikaanza kuvuta maji.

Nikamwambia mjukuu wangu, "Ngoja, tuanze shuka jingine, moyo wangu mimi si wa kuchezewa." Akacheka, tukakunja, akaendelea.

Sebuleni tumbo lilikuwa limeshiba na jua linapiga kwenye zulia. Kaka Mkubwa alikuwa wa kwanza kusinzia, gazeti usoni. Shangazi aliapa kwamba yeye halali, anataka kuiona aibu hii kwa macho yake, na kiapo hakijakauka akaanza kukoroma. Mama aliketi kiti cha dirishani, akafumba macho.

Wapenzi walikaa chini sakafuni jikoni, migongo imeegemea mashine. Joto lake lilikuwa linawapenya taratibu, na mtikisiko wake ukawa unawatikisa pamoja, bega kwa bega. Kitinda akautafuta mkono wa Fundi, akaupata.

"Umeniua leo," akasema.

"Wewe si nesi? Jitibu."

"Ulipomwambia Baba alikuwa na haki, nilijiona nazikwa."

"Mbona mama yako alicheka kwa macho?"

"Ulimwona?"

"Nilimwona. Na wewe nakuona." Akamgeukia. Walitazamana mpaka mashine ikabadilisha sauti, wakashtuka kama wamefumaniwa. Fundi akainamisha kichwa begani kwake. "Kitinda. Siku zote vyombo vilikuwa vinatokaje, vikipakiwa vile?"

Kijana akatazama vidole vya miguu yake.

"Kitinda?"

"Vinatoka vichafu."

"Halafu?"

"Halafu Mama akienda kupumzika, tunavirudia kwenye sinki, kwa mkono. Shangazi, Kaka, mimi. Tunavipanga kabatini. Mama anajua ni mashine."

"Kwa nini hamumwambii?"

"Tunampenda. Hatutaki kumsum..."

Akalikata neno, lakini lilikwisha kusikika. Fundi akautoa mkono wake kwenye mkono wa kijana, pole pole, kama mtu anayetoa sindano kwenye kitambaa cha hariri asikichane.

"Ndiyo maana uliomba chumvi," akasema.

"Fundi, si sawa na yule."

"Kweli si sawa. Yule alikuwa peke yake. Ninyi mko watatu."

"Usinilinganishe naye, nakuomba..."

Mashine ikalia. Piii. Imemaliza.

Wakasimama wote wawili. Mama sebuleni hakutikisika, macho yamefumba. Fundi akauvuta mlango, mvuke ukawapiga usoni. Akavuta trei ya chini. Jamani, sahani zinameta! Sufuria inameta! Uma zinang'aa kama vitu vya harusi. Kitinda akashika kichwa, akataka kupiga kelele, akaziba mdomo.

"Safi! Fundi, ni safi! Mama atasema ndiyo!"

Ila Fundi alikuwa ametazama pembeni kabisa, nyuma. Pale palikuwa na bakuli moja dogo limekaa uso juu. Limejaa maji ya kijivu, mafuta yanaelea, na kipande cha kiazi kinaogelea humo kwa raha zake.

"Hilo nililiweka mimi," akasema.

Kitinda hakungoja. Alikwisha kunyakua sponji, yuko kwenye sinki.

"Lete, lete haraka, hajaamka!"

Fundi akaliinua lile bakuli kwa mikono miwili. Hakulipeleka.

"Ni bakuli moja, Fundi! Dakika haifiki! Ni wewe na mimi, ni maisha yetu yote, kwa bakuli moja?" Mkono wake ulikuwa juu ya bomba.

"Ukilifungua bomba hilo," mjukuu wangu akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo mno, "mimi natokea mlango huu wa nyuma. Na nakupenda. Ujue natoka nakupenda."

Hapo nilisimamisha shuka hewani. Yeye mwenyewe alikuwa analia akinisimulia, na anacheka.

Anasema kijana alimtazama. Akatazama bomba, akamtazama tena. Tone moja likadondoka kwenye sinki, tii. Halafu akaliachia sponji. Akamjia, akamfuta chozi kwa mkono wenye povu, akamchafua zaidi, kisha akalichukua bakuli mikononi mwake kwa uangalifu, lisimwagike.

"Nitalibeba mimi," akasema. "Kuna jingine la kusema, na hilo si lako. Ni letu."

Wakaenda sebuleni, yeye mbele, Fundi nyuma.

"Mama."

"Nasikia," Mama akasema, macho yamefumba vile vile. "Sijalala."

"Vyombo vimetoka safi. Hili moja limetoka chafu." "Na siku zote vilikuwa vinatoka vichafu, Mama. Ukipumzika tulikuwa tunavirudia kwenye sinki. Tulikudanganya."

"We mtoto!" Shangazi akazinduka, ushungi upande. "Umerogwa?"

Mama akafumbua macho. Akanyoosha mkono, akaligusa bakuli kwa ncha za vidole, kama desturi yake.

"La moto," akasema. Akavizungusha vidole ukingoni. "Mwanangu, chombo kikitoka kwenye mashine kinatoka cha moto, kikavu. Vya kwenu nilikuwa navikuta kabatini ni vya baridi, na maji yametuama chini. Mlidhani vidole vyangu navyo vimezeeka?"

Kaka Mkubwa akaliondoa gazeti usoni. "Mama, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Mbona hukusema?"

Mama akatazama dirishani, na ndipo Fundi akaona kwamba hatazami kitu, anatazama mwanga tu.

"Macho yangu hayanipi vizuri siku hizi. Ningesema najua, mngejua na la macho. Mngenitoa jikoni, mniweke kitini kama mto." Akahema. "Baba yenu alikuwa ananipangua mbele ya uso wangu. Tunagombana, tunacheka, tunapakia upya. Ninyi mkanipangua nyuma ya mgongo. Nyumba ikawa na adabu mpaka ikanichosha."

Kitinda alipiga magoti pale pale zuliani, bakuli mkononi.

"Hili lilipakiwa na nani?" Mama akauliza.

"Mimi, mama," Fundi akasema.

"Uliliwekaje?"

"Lilitazama juu."

"Juu?"

"Juu, mama."

"Yaani umenipigia kelele kwa sufuria yangu, umenigongeshea tok tok hapa mbele ya wanangu, halafu wewe bakuli umelitega kama mtu anakinga mvua?"

"Nilikuwa naogopa, mama."

"Unaogopa nini?"

"Utasema hapana."

Mama akamtazama kwa macho yake hayo yenye ukungu. Bega likaanza kumtikisika. Kisha kicheko kikamtoka, kikubwa, cha tumbo, akalisukuma bakuli kwa mkono na maji yale machafu yakamwagikia magoti ya nesi, na kiazi juu.

"Wifi," Shangazi akajikohoza, "lakini ile pete..."

"Wifi yangu, pete ilirudi kwa mwongo. Wewe uliyekuwa unaosha sahani zangu kwa kunyata, unataka tulizungumze hilo?"

Shangazi akaona afadhali kunyoosha ushungi.

"Nesi," Mama akasema, "kesho unipeleke kwa daktari wa macho. Lakini jikoni sitoki." Kisha akanyoosha mkono hewani, akautafuta uso wa Fundi, akaugusa kwa ncha za vidole. Shavu, kidevu, shavu la pili. "Na wewe, mwambie bibi yako aliyekulea aje kula hapa Jumapili. Harusi haipangwi bila yeye. Nina swali la kumuuliza kwanza, nani kakufundisha kuweka bakuli."

Kitinda aliruka juu, suruali imelowa, akamkumbatia mama yake, akamkumbatia Fundi, akamkumbatia na Shangazi ambaye alisema atoke na mafuta yake.

"Bibi," mjukuu wangu akaniambia, "utakwenda?"

"Nitakwenda. Lakini kosa la bakuli silichukui. Kwangu hapa tunaosha kwa mikono, na bakuli linatazama linakotaka."

Akacheka, akapiga miayo. Aliniambia kwamba usiku mzima walikuwa kwenye simu, hawana hata la maana la kusema, mpaka kijana akasinzia simu sikioni, naye akabaki anamsikiliza anavyopumua hadi kukapambazuka. Miayo ikarudi. Nikageuka kuweka shuka kapuni.

Nilipogeuka tena, hayupo kwenye ncha yake. Alikuwa ameteleza taratibu juu ya rundo la mashuka safi, kalala fofofo, mdomo wazi kama alipokuwa mtoto. Nikataka kumalizia lile la mwisho mwenyewe. Nikavuta, halikuja. Ncha yake bado ameishika usingizini, hataki kuiachia.

Nikamwachia.